Wamechanjwa, Wamekufa: Kisa cha Kimeta Tambarare ya Ngenge

Siku ya 5 baada ya chanjo nilirudi kwenye boma lile, na mzee hakunisalimia. Kwa watu wa tambarare hii, anayekukaribisha bila salamu ameshakuhukumu. Alibaki kwenye kigoda chake, akanyoosha fimbo kuelekea mti wa mgunga. Chini yake ng'ombe wa maziwa alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba kama ngoma, na damu nyeusi, nyepesi, ikimchuruzika puani bila kuganda. Ndipo mzee aliponena: "Daktari, sindano yako inanimalizia ng'ombe."

Mimi si daktari, ni msaidizi wa mifugo. Lakini huku anayebeba kisanduku cha barafu ni daktari, hakuna mjadala. Nikainama kumtazama yule ng'ombe nikijua kwamba lawama ile itafika mnadani kabla yangu.

Boma liko wilaya ya Kween, Uganda, kaskazini mwa Mlima Elgon, huku chini ambako Wasabiny, Wapokot na wachuuzi kutoka Kenya hukutana siku ya mnada na bei hufungwa kwa Kiswahili. Mambo machache yanayoweza kumtambulisha mzee nimeyabadilisha. Yanayohusu ugonjwa nimeyaacha yalivyo.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka baada ya kiangazi kirefu. Majani yalikuwa yamechomoza kidogo tu, ng'ombe wanayang'oa na mizizi, udongo unaingia mdomoni. Huo ndio msimu wa kimeta. Ng'ombe wa kwanza alianguka jioni bila dalili yoyote ya maana. Hakuna aliyeitwa. Alichunwa kwenye korongo karibu na malisho, nyama ikagawanywa, ikaliwa. Wa pili alipokufa siku 4 baadaye, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, alikumbuka mwaka 2018, watu wa wilaya hii hii walipotokwa na vidonda vyeusi baada ya kuchuna na kula mizoga. Akapiga simu. Kesho yake tukafika na chupa 2 za chanjo, dozi 50 kila chupa. Tulichoma ng'ombe 63, mililita 1 kila mmoja chini ya ngozi ya shingo, na mbuzi 29 kwa nusu ya kipimo hicho.

Siku ya 2 akafa mtamba. Siku ya 5, huyu wa maziwa. Kisha kimya cha mwezi mzima. Halafu siku ya 37 akafa maksai, na siku ya 40 jike mmoja mkonde. Jumla wanne, wote wamechanjwa. Mnadani maneno yakawa mawili. Wengine walisema chanjo ndiyo iliyowaua. Wengine, wenye kusomasoma kidogo, walisema chanjo haiui ila haina nguvu, kwa sababu mdudu aliyemo ni wa Afrika Kusini na wa kwetu ni mwingine. Neno la tatu, lililokuwa na ukweli, halikusemwa na mtu, na mimi mwenyewe nilichelewa kulifikia.

Nianze na kilichomo kwenye chupa, maana ugomvi wote unatokana na hapo. Chanjo ya kimeta ya mifugo si maji ya kijidudu aliyekufa. Ni spora hai za Bacillus anthracis, yaani kijidudu yule yule wa kimeta, zimeelea kwenye mchanganyiko wa gliserini na maji ya chumvi. Dozi moja ya ng'ombe ina spora milioni 2 mpaka 10 zenye uwezo wa kuamka. Ukizidunga, zinaamka, zinazaana kidogo pale shingoni, mwili unazitambua na kuzimaliza. Kwa hiyo mzee hakuwa mjinga kuuliza kama nilimdunga ng'ombe wake ugonjwa. Kwa namna fulani nilimdunga. Swali ni ugonjwa uliopungukiwa na nini.

Kijidudu wa kimeta ana kromosomu moja kubwa, na pembeni yake vipande viwili vya jeni vilivyojifunga kama pete, vinavyoitwa plasmidi. Ya kwanza, pXO1, ina herufi za jeni kama 182,000, na ndiyo yenye jeni za sumu. Ya pili, pXO2, ina kama 95,000, na ndiyo inayomshonea kijidudu koti la ute. Bila sumu kijidudu hana silaha. Bila koti, chembe nyeupe za damu zinamkamata na kumla kabla hajafika popote. Akiwa na vyote viwili, ng'ombe mzima wa asubuhi ni mzoga jioni.

Louis Pasteur alijaribu kumdhoofisha kijidudu huyu kwa joto, akamkuza kwenye nyuzi 42 mpaka 43, na mwezi Mei mwaka 1881 akafanya onyesho lake maarufu kule Pouilly-le-Fort, Ufaransa. Kondoo waliochanjwa walisimama, wasiochanjwa wakaanguka. Lakini joto lile lilikuwa linapukutisha plasmidi ya sumu na kuacha koti, yaani kinyume cha kilichotakiwa, na pumzi ya chanjo ilitokana na wale wachache waliobaki na sumu. Ndiyo maana chanjo za namna hiyo ziliyumba kwa miaka: chupa hii kali mno, ile haifanyi kitu.

Mambo yalibadilika Onderstepoort, Afrika Kusini, miaka ya 1930, mikononi mwa Max Sterne. Alikuza kijidudu kwenye chakula cha maabara chenye damu ya farasi iliyochujwa, ndani ya hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi. Katika hali hiyo kijidudu huvaa koti lake, na makundi yake huonekana yenye kuteleza, yanang'aa kama kamasi. Sterne akaona pembeni mwa makundi hayo panachomoza vipande vikavu, vya kukwaruza. Walikuwa wamevua koti na hawakulivaa tena. Akachagua mmoja kati yao, anayeitwa 34F2 hadi leo. Sterne hakujua habari za plasmidi. Ilikuja kufahamika katika miaka ya 1980, karibu nusu karne baadaye, kwamba kijidudu wake alikuwa amepoteza pXO2 nzima na kubaki na pXO1. Alimchagua kwa macho tu, na chanjo nyingi za kimeta za mifugo duniani bado zinatokana na chaguo lile. Warusi wana nasaba yao ya kijidudu inayoitwa 55, nayo haina pXO2. Italia walitumia kwa miaka mingi nasaba ya Carbosap, ambayo ni kituko kidogo: ina plasmidi zote mbili na bado ni dhaifu.

Sasa turudi chini ya mgunga. Kama sindano yangu ndiyo iliyomuua yule ng'ombe wa maziwa, basi damu yake ingejaa kijidudu asiye na koti. Kama ni kimeta cha porini, damu ingejaa kijidudu mwenye koti. Hilo halihitaji mashine za maabara ya taifa kule Entebbe. Linahitaji tone la damu, kioo, na rangi.

Sikumpasua. Mzoga wa kimeta haupasuliwi, kwa sababu ndani ya mwili uliofungwa kijidudu anakosa hewa na huoza pamoja na nyama. Ukiufungua, hewa inaingia, naye anajigeuza spora zitakazokaa kwenye udongo wako miaka na miaka. Nilivaa glavu mbili mbili, nikachoma mshipa wa sikio kwa sindano nyembamba, nikachukua tone, nikalipaka kwenye kioo na kulianika. Sikio nikalifunga kwa pamba yenye dawa. Kazi ya dakika 3, na mzee akiitazama kana kwamba namwibia.

Jioni, kwenye chumba chetu kidogo cha maabara, nilitia methilini bluu ya zamani, ile iliyoachwa chupani mpaka ikageuka rangi zake, kama alivyoeleza John M'Fadyean mwaka 1903. Nikaosha, nikakausha, nikainamia darubini. Vijiti vya buluu iliyokoza vilikuwa vimepangana kama mabehewa ya treni, ncha zimekatwa mraba, na kila behewa limezungukwa na ukungu wa pinki. Ukungu ule ndio koti. Kijidudu wa Sterne hawezi kuwa nalo, kwa sababu jeni za kulishona hazimo mwilini mwake. Kioo cha maksai wa siku ya 37 kilionyesha hivyo hivyo, na sampuli zilizopelekwa maabara ya taifa zilirudi na majibu kwamba plasmidi zote mbili zimepatikana.

Sindano haikuua. Nilikipeleka kioo bomani pamoja na darubini ya kubebwa mkononi, nikamtazamisha mzee. Aliangalia kwa jicho moja kwa muda mrefu, akasema anaona "shanga". Nikamwambia shanga zenye koti ni za korongoni, shanga zisizo na koti ni zangu. Alicheka kidogo, ila hakusema nimeshinda. Akauliza swali lililo bora kuliko la mwanzo: "Sasa kama si yako iliyoua, kwa nini yako haikuzuia?"

Kwa wale wawili wa mwanzo jibu lilikuwa jepesi. Kinga ya chanjo hii huchukua siku 7 mpaka 10 kusimama. Kimeta chenyewe, tangu ng'ombe ameze spora mpaka aanguke, mara nyingi huchukua siku 3 mpaka 7, wakati mwingine zaidi. Tulipofika tayari wawili walikuwa wamekufa malisho yale yale, kwa hiyo waliokufa siku ya 2 na ya 5 walichomwa wakiwa wameshabeba ugonjwa. Tulikuwa tumemfungia mwizi mlango akiwa ndani. Hili linatokea karibu kila mahali tunapochanja baada ya vifo badala ya kabla ya mvua, na ndilo linaloharibia chanjo jina kuliko kitu kingine chochote. Ratiba ya mwaka ingekuwa mwisho wa kiangazi, kabla majani hayajachomoza. Lakini chanjo inatufikia kwa kufuata mizoga, nasi tunaikimbiza kama wazima moto.

Wa siku ya 37 na ya 40 hawakuwa na udhuru huo. Hao walikuwa na mwezi mzima wa kujijengea kinga. Ndipo kijana mmoja muuza dawa za mifugo mnadani, mwenye akili na mdomo, aliponibana mbele ya watu kuhusu Afrika Kusini. Hoja yake ilikuwa kwamba mafua yanabadilika kila mwaka, chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo isipolingana na aina iliyopo haifai kitu, basi kwa nini kimeta cha Elgon kitii chanjo iliyotokana na ng'ombe wa Afrika Kusini wa miaka ya 1930?

Hoja nzuri, ila imemkosea mnyama. Virusi vya miguu na midomo vinabadilika upesi kwa sababu vinazaana bila kupumzika, kutoka ng'ombe mpaka ng'ombe. Kijidudu wa kimeta ni mvivu wa kupindukia. Sehemu kubwa ya maisha yake amelala udongoni akiwa spora, hazaani, hanakili jeni, hivyo hana nafasi ya kukosea kunakili. Anaamka siku chache ndani ya mnyama, anazaana, anaua, anarudi kulala, labda miaka 10, labda zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa jeni humhesabu miongoni mwa bakteria wanaofanana kupita wote. Duniani wamemgawa katika matawi makubwa matatu, A, B na C. Tawi A ndilo lililoenea mno; B limeonekana sehemu chache, mojawapo ni mbuga ya Kruger huko huko Afrika Kusini. Ili kuwatenganisha ndugu hawa inabidi utafute herufi moja moja zilizobadilika kati ya zaidi ya milioni 5.

Na kinga haiangalii kromosomu nzima. Inaangalia protini moja hasa, ambayo maabara huiita PA. Sumu ya kimeta ina sehemu tatu: mbili ni wauaji, mmoja anavuruga mawasiliano ndani ya chembe, mwingine anafanya mwili ujae maji. Lakini hawa wawili hawawezi kuingia peke yao. PA ndiye mfungua mlango: anashika ukuta wa chembe, anakatwa kidogo, anaungana na wenzake saba saba kuwa duara, na kupitia hapo wauaji wanaingia. Kingamwili zinazomzuia PA zinawaacha wauaji barazani. Mwaka 1999 watafiti walisoma jeni ya PA kutoka nasaba 26 za sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta herufi 5 tu zilizobadilika. Kwa ng'ombe aliyechanjwa, mfungua mlango wa Onderstepoort na wa Ngenge ni mtu yule yule aliyebadilisha kofia.

Sisemi nasaba hazina tofauti yoyote ya ukali. Katika miaka ya 1980 majaribio ya simbilisi (guinea pig) kule Fort Detrick, Marekani, yalionyesha kwamba baadhi ya nasaba za porini zilipenya kinga ya chanjo ya binadamu, ile iliyotengenezwa kwa protini tupu. Lakini simbilisi hao hao walipopewa spora hai za aina ya Sterne walilindwa vizuri zaidi. Hapo ndipo ninapoona uzuri wa chanjo hii ya zamani: haionyeshi mwili protini moja iliyochujwa, inamwonyesha kijidudu mzima asiye na koti. Nilimwambia yule kijana hivyo. Hakukubali moja kwa moja, akaniuliza mbona basi maksai amekufa. Alikuwa na haki.

Nikarudi kwenye kazi yangu mwenyewe, na hili ndilo gumu. Kitu cha kwanza mtu anachokishuku ni barafu. Je, chanjo iliungua juani? Tulisafiri saa 3 kwa boda boda, barafu ilikuwa imeyeyuka nusu. Kwa chanjo nyingine ningeanza kutetemeka. Kwa hii, chombo chenyewe ni spora, kitu kilichoumbwa kuvumilia jua la tambarare hii. Kisiwa cha Gruinard, Scotland, kilichotumiwa kwa majaribio ya silaha za kimeta tangu 1942, kilibaki na spora hai mpaka kilipooshwa kwa dawa mwaka 1986. Chanjo inatakiwa kukaa nyuzi 2 mpaka 8, na iwekwe hivyo, ila saa 3 za barafu nusu haziwezi kuwa ndizo zilizochagua ng'ombe wawili na kuwaacha wengine.

Cha pili kilinisumbua zaidi. Spora huzama. Usipotikisa chupa kila baada ya ng'ombe wachache, wa mwanzo wanapata maji na wa mwisho wanapata uji. Nilikumbuka nikitikisa. Je, nilitikisa saa 8 mchana, jasho likiingia machoni na ng'ombe wakivunja kile kichochoro cha miti tulichowapitisha? Siwezi kuapa. Lakini maksai alikuwa wa mwisho mwisho kuchomwa, namkumbuka kwa sababu alinikanyaga. Kama kuna aliyepata uji, ni yeye.

Jibu lilikuwa linaning'inia kwenye ua wa miba. Siku ya 41 nilikuwa nimesimama nikikojoa, samahani, ndivyo ilivyokuwa, nikaona chupa ya mililita 100 imechomekwa kati ya matawi, chini imebaki tone la rangi ya njano iliyokoza. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ambayo kila mtu huku anaiita oksi. Nikamwita mtoto mkubwa wa mzee, nikamwuliza ya lini. Akajibu bila kuficha, kwa sababu hakuona cha kuficha: "Ya siku ile ile mliyokuja. Mlipoondoka jioni nikawachoma wale wanyonge, wenye kupe. Niliogopa ndigana baridi."

Walikuwa 14. Aliweza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Maksai alikuwemo. Yule jike mkonde alikuwemo.

Oksi ni antibiotiki, na antibiotiki haijui chanjo. Spora za Sterne zilipoamka shingoni mwa wale 14, zilikuta dawa inayomzuia kijidudu wa kimeta vizuri kabisa, tena ya aina inayokaa mwilini siku kadhaa. Zilizimwa kabla hazijazaana, kabla PA haijamwagika ya kutosha mwili kuitambua. Kwa karatasi ya chanjo wale 14 walichanjwa. Kwa damu yao hawakuchanjwa. Maelekezo yanasema wazi kwamba mnyama asipewe antibiotiki karibu na siku ya chanjo hii, na wengi wetu tunahesabu wiki 2 kila upande. Nilikuwa nalijua hilo tangu chuoni. Sikuuliza. Niliuliza idadi, niliuliza mimba, nikauliza nani atanishikia kamba.

Lakini kilichonifanya niandike kisa hiki ni maneno aliyoyaongeza yule kijana wa mzee, kwa upole, kama anayenifundisha. "Daktari, lakini wiki ile ya kwanza, wale niliowachoma oksi hakufa hata mmoja. Waliokufa ni wale waliopata yako peke yake." Na alisema kweli. Mtamba na ng'ombe wa maziwa hawakuwa katika wale 14. Kwa macho yake ushahidi ulikuwa mezani: oksi inaokoa, chanjo inaua. Ndiyo maana wiki iliyofuata alinunua chupa nyingine na kumshauri jirani anunue.

Hapo pana mambo mawili yaliyosukana. Oksi inaweza kweli kumzuia kijidudu aliyeingia jana, kwa hiyo huenda kati ya wale 14 alikuwemo aliyeokolewa wiki ile. Ila hesabu yenyewe haisemi hata hivyo. Ng'ombe 49 kati ya 63 hawakupata oksi. Vifo 2 vikianguka ovyo tu, vyote kuwapata hao 49 ni jambo la mara 6 kati ya 10. Si ushahidi wa kitu. Tazama sasa vile vifo vya mwishoni. Walikuwa wamebaki 61, na 14 tu ndio wa oksi; vifo 2 vikianguka ovyo, vyote kuwapata hao 14 ni kama mara 1 kati ya 20. Kundi zima lilikuwa limerudi kuchunga korongoni, pale pale ng'ombe wa kwanza alipochunwa, wakilamba udongo mmoja. Wale 47 wa chanjo bila oksi walisimama wote. Zimwi halikubadilika; waliobadilika ni waliokutana nalo wakiwa uchi.

Nilimweleza kijana kwa kuchora mavumbini: duara la chanjo, duara la oksi juu yake. Akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia, na swali lake likawa la mfugaji hasa. Kama ng'ombe ana ndigana siku ya chanjo, afe na ndigana? La. Mtibu, mwandike, umchanje baada ya wiki 2. Na mgonjwa wa homa hachanjwi hata hivyo.

Tuliwachanja upya wale 12 waliobaki wa kundi la oksi, nikatoa onyo la kutowachinja kwa wiki 3 (chanjo nyingine huandikwa siku 42, kwa hiyo soma chupa yako). Hakuna aliyekufa mpaka mvua zikaisha. Mbuzi 4 walivimba shingo kwa siku kadhaa, jambo linalojulikana: chanjo hii hutiwa saponini ili kuuchokoza mwili, na mbuzi hawaipendi, achilia mbali kwamba sumu ya pXO1 bado imo. Walipona. Watu 2 walioshiriki kumchuna yule ng'ombe wa kwanza walikuwa na vidonda mikononi, wakapelekwa kituo cha afya na kutibiwa. Mizoga ya maksai na ya yule jike ilichomwa kwa kuni ambazo LC alizikusanya nyumba kwa nyumba. Korongo tulilizungushia miba. Kuna aliyetaka kumwaga chokaa; nikakataa, kwa sababu miongozo ya kimataifa ya kimeta haiipendekezi, inadhaniwa kalsiamu husaidia spora kudumu.

Mwaka uliofuata tulifika mapema, vumbi likiwa bado juu. Mzee alinisalimia, akauliza nyumbani, akauliza mvua za mlimani, salamu ndefu kama inavyotakiwa. Mjukuu wake wa darasa la 5 alikuwa amesimama kwenye mdomo wa kichochoro na daftari la shule. Ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja alipokaribia, mtoto akanyoosha mkono mbele ya sindano yangu.

"Huyu hapana. Oksi, Jumanne."

Nikamwachia apite.